Mwizi wa Kila Jioni

Muuguzi alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo hospitalini, ng'ambo alikohamia kikazi, alipojaribu kuingia nyumbani kwa simu kama kawaida yake. Simu ikazunguka weee, mwisho ikakataa.

Nyumbani maana yake seva ndogo, kompyuta ya kuhifadhia vitu, iliyokaa juu ya kabati la sebuleni kwa baba yake, fundi mitambo ya simu aliyestaafu. Humo mlikuwa na picha zote za familia, na sauti ya marehemu mama akiimba huku anafua. Mzee hakutaka kuikabidhi sauti hiyo kwa kampuni ya watu, wala hakuiacha wazi mtandaoni. Aliitengenezea njia ya siri, kila simu na ufunguo wake. Asiye na ufunguo hata mlango haoni.

Muuguzi akampigia baba yake.

"Shikamoo baba. Seva imezimika?"

"Marahaba. Haijazimika, inapiga kazi. Kuna mwizi nimemnasa! Kila jioni anaingia kumsikiliza mke wangu. Mtu mzima hana haya. Nimeufuta ufunguo wake."

Muuguzi akajikuta amekaa kwenye benchi. "Baba, huyo ni mimi."

"Wewe nani?"

Shangazi, anayeishi na mzee, akaichukua simu. "Mwanangu, nisamehe. Siku hizi anapotea. Juzi kaniuliza mimi ni jirani wa upande gani. Nikasema itapita, nisikutie presha bure."

Muuguzi akaomba likizo, akapanda ndege.

Mzee alimpokea vizuri, shati limenyooka, akamkaribisha kiti. "Kampuni imekutuma?"

"Kaka, huyu anaomba ufunguo," shangazi akawahi.

Mzee akamtazama juu mpaka chini. "Kazi yako?"

"Muuguzi, baba."

"Basi unajua kutunza siri za watu."

Akaketi mbele ya kompyuta. Kichwa kilikuwa kimemwacha, vidole bado. Vilikimbia kama zamani, huku akimwelekeza: simu asimwazime mtu, na ikipotea aseme upesi, ufunguo ufutwe.

"Niuandike jina gani?"

Muuguzi akainama karibu naye. "Andika Kidosho." Ndilo jina alilompa mzee mwenyewe, kabla hajaota hata jino.

Vidole vikasimama.

"Hapana. Hilo la binti yangu. Yuko mbali, akirudi atalitaka. Taja lingine."

Shangazi akageukia dirishani. Muuguzi angeweza kubishana, angeweza kumwonyesha picha. Lakini mzee alikuwa ameuweka mkono juu ya kibodi kama anayelinda kitu.

"Basi andika Muuguzi," akasema.

Ufunguo ukakubali. Mzee akamrudishia simu, akamuuliza kwa adabu kama atakunywa chai. Akajibu atakunywa, ila aitengeneze mwenyewe. Akaenda jikoni, akafungua bomba la maji mpaka mwisho, ndipo akalia.