Mwanamke Asiye na Kura

Bwana Terhorst alibisha mlangoni kwetu akiwa na ndoo ya maua ya waridi, na nyuma yake wafuasi wawili waliovaa fulana zenye jina lake. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kampeni za udiwani. Mama alifungua mlango mikono ikiwa na unga, kwa kuwa alikuwa anasukuma chapati zake nyembamba za jibini. Terhorst akampa ua moja, akaanza kumweleza habari za bwawa la kuogelea la mtaa wetu: paa limechoka, mji hauna fedha, lakini yeye akichaguliwa atalitazama upya jambo hilo.

Kwa mama, hilo halikuwa jambo dogo. Aliingia Ujerumani akiwa msichana, ametoka kijiji kimoja karibu na Çorum, Uturuki, akaja kushona viti vya magari kiwandani, na miaka yote hiyo aliogopa maji. Baba alipokufa, mapafu yamejaa vumbi la makaa ya mawe, ndipo mama alipojifunza kuogelea, tayari ana wajukuu. Akawavuta na wenzake: wajane wa Kituruki, wanawake wa Kimoroko, na Wajerumani wawili watatu wenye magoti mabovu. Jumanne na Ijumaa asubuhi, bwawa lilikuwa lao.

Kwa hiyo alimhoji Terhorst pale pale kizingitini. Ni nani aliyelikagua hilo paa? Na mbona bwawa la upande wa kusini, kwenye nyumba za wenye nazo, limekarabatiwa na letu halijaguswa? Terhorst alijibu kwa bashasha, akamsifu kwa kufuatilia mambo ya mji, kisha akasema anatumaini Jumapili ataweka alama mbele ya jina lake.

"Mimi sina kura," mama akamwambia. "Pasi yangu ni ya Uturuki."

Terhorst alitabasamu kama mtu aliyekosea nyumba. Akanyoosha mkono, akalichukua lile ua vidoleni mwa mama, taratibu, wala usoni hakuwa na ubaya wowote, akaenda kugonga mlango wa pili.

Niliyaona yote kutoka jikoni. Nilidhani mama atalia, au atatukana. Alirudi mezani akamaliza chapati zake, akanawa mikono, ndipo akaniuliza, "Nermin, Jumapili mimi naruhusiwa nini?"

Nikamwambia haruhusiwi chochote, na yeye anajua. Mimi niliuchukua uraia nilipoanza kazi. Yeye alikwenda ofisini mara moja tu, akaambiwa kwanza aikane pasi yake ya zamani. Wakati huo bibi yangu alikuwa bado hai kule kijijini. Mama alikusanya karatasi zake akazirudisha kwenye mkoba, akamwambia yule karani kwamba hawezi kumkana mama mmoja ili mwingine ampe kiti.

"Sikuuliza nimekatazwa nini," akasema. "Nimeuliza naruhusiwa nini."

Basi nikafungua sheria ya uchaguzi kwenye simu, nikawa namsomea. Tulipofika mahali palipoandikwa kwamba uchaguzi hufanyika hadharani, na kwamba yeyote anaweza kuingia kituoni kutazama kura zikipigwa na kuhesabiwa, mradi asisumbue, akanizuia.

"Rudia hapo. Yeyote?"

"Yeyote."

"Hawakusema raia yeyote?"

"Wamesema yeyote, mama."

Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba afe.

Jumapili alivaa koti lake la sikukuu, akaniambia twende mapema. Kituo kilikuwa kwenye shule ya msingi niliyosomea mimi, na msimamizi wake alikuwa Detlef Kühnel, aliyestaafu kazi ya reli na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama alipanga foleni kama watu wote. Zamu yake ilipofika akaweka mezani pasi yake ya Kituruki na kibali chake cha kukaa.

Detlef akaona haya. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jina lake halimo, na kwamba yeye mwenyewe anajua halimo.

"Najua," mama akasema. "Sasa waambie na hawa walio nyuma yangu ni kwa nini."

"Döndü, tafadhali. Watu wanangoja."

"Na mimi nangoja. Tangu mamako na mimi tulipokuwa tunashona kiwandani, cherehani kando ya cherehani. Wewe ulikuwa hujui hata kufunga kamba za viatu. Haya, sema."

Detlef akalazimika kusema kwa sauti, uso umemwiva, kwamba Bi Döndü Aksu hawezi kupiga kura kwa kuwa si raia wa Ujerumani wala wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya. Aliyekuwa nyuma yetu alikuwa Ilario, kijana wa Kiitaliano muuza aiskrimu, ambaye alikuwa amehamia mtaani kwetu juzi juzi na bado alikuwa ananunua mkate kwa kuunyooshea kidole. Akapewa karatasi yake ya kura bila swali. Akabaki ameishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe.

"Nipige kwa niaba yako, mama?" akanong'ona kwa Kijerumani cha kuungaunga. "Niambie nani."

"Piga yako, mwanangu. Haki yako halali. Mimi siazimi, nadai yangu."

Kisha akavuta kiti kilichokuwa ukutani, akaketi. Detlef akamfuata, akamwambia kituo ni cha wapiga kura na kwamba aende nyumbani, atakuja kumtembelea jioni. Mama akamwomba afungue kitabu chake cha maagizo. Msaidizi mmoja akafungua, akasoma, akainua macho akasema bibi yuko sawa. Detlef akaenda zake kumletea chai.

Alikaa. Watu waliingia, wakaandika alama zao kule nyuma ya ubao unaomficha mpiga kura, wakatumbukiza karatasi, wakapita mbele yake. Wengine walimsalimu. Mwanamume mmoja alimwambia kwa ukali kwamba kama hapendi sheria za hapa, ndege zipo. Nilisimama nimjibu, mama akanishika mkono. Akamwambia yule bwana kwamba yeye ana miaka mingi hapa kuliko hizo ndevu zake, na kwamba akitaka ndege apande mwenyewe, huko Uturuki watampokea vizuri, wanapenda wageni.

Kufikia adhuhuri habari zilikuwa zimewafikia wenzake wa bwawani. Akaja Bi Fadma wa Kimoroko na binti yake. Wakaja wazee wawili waliochimba makaa na baba. Akaja Hannelore, Mjerumani wa magoti mabovu, ambaye alikwisha kupiga kura yake asubuhi. Akasema hawezi kuacha wenzake wakae peke yao. Waliketi ukutani mstari mmoja, hawasemi neno, kwa sababu sheria ilisema wasisumbue.

Alasiri akaja Bwana Terhorst kupiga kura yake, na mpiga picha wa gazeti la mji. Alipotoka nyuma ya ubao akawaona. Nadhani hakumkumbuka mama mara moja.

"Ua langu ulimpa nani?" mama akamwuliza.

Hapo akakumbuka. Akasogea, akainama kidogo kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mama, sikukusudia kukuudhi. Maua yalikuwa machache. Na sheria ndiyo ilivyo, mimi sikuitunga."

"Sheria haikuninyang'anya ua," mama akasema. "Ni mkono wako. Sheria nitagombana nayo kivyake. Leo nakusemesha wewe."

Terhorst alitazama kamera, akatazama sakafu. Akaahidi kumletea shada zima kesho. Mama akamjibu asihangaike, maua anapanda mwenyewe. Akamwambia kitu kimoja tu anachotaka akumbuke akiwa kwenye baraza la madiwani: kwamba hakuja nchi hii kuomba awe mtu. Alikuwa mtu siku aliyoshuka kwenye treni.

Jioni milango ilifungwa kwa wapiga kura, karatasi zikamwagwa mezani. Mama na wenzake walisimama kutazama zikihesabiwa, na Detlef akawa anasoma kila jina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili na wa nyuma wasikie.

Terhorst alishinda. Singependa kudanganya. Picha ya mama ilitoka gazetini, watu wakaongea wiki mbili, na majira ya baridi baraza likaamua bwawa lifungwe. Terhorst alinyoosha mkono pamoja na waliokubali.

Ila mtaa ulikuwa umekwisha kuzoea kukaa pamoja. Hannelore na Ilario wakaandikisha chama cha wakazi, chama kikalikodi bwawa kutoka kwa mji, na katika chama hakuna anayeuliza pasi: ukilipa ada, una kura. Mwenyekiti aliyechaguliwa ni mama. Maji ni ya baridi, paa linavuja juu ya bafu la wanaume, na kila mwezi anagombana na mtu kwa ajili ya boila. Anasema hajawahi kuchoka vizuri namna hii.

Miaka kadhaa baadaye sheria ikabadilishwa. Sasa anaweza kuwa raia bila kuiacha pasi yake, na wazee wa kizazi chake hawapewi tena mtihani wa kuandika. Nilikwenda nyumbani mbio kumwambia. Alikuwa anakausha nywele. Akaniuliza kama wameomba radhi. Nikasema hapana, wamebadilisha sheria tu.

"Waache kwanza," akasema. "Mimi niliwangoja muda mrefu. Na wao wangoje kidogo, waone inavyokuwa."

Hadi leo hajaamua.