Mlango wa Pili

Mume wangu alikuwa askari magereza, na mimi nilikuwa mfungwa wake wa nje. Msicheke. Majirani walimwita Bwana Kufuli, mwanzoni wakinong'ona, baadaye mbele yake, naye akaitika. Mtu anayeitikia jina kama hilo utamfanya nini?

Kule gerezani milango iko miwili miwili. Unaingia wa kwanza, unaufunga nyuma yako, unalivuta kufuli kwa mkono kuhakikisha limebana, ndipo unafungua wa pili. Milango miwili haiwi wazi kwa pamoja hata aje nani. Ndiyo sheria yao na sina ugomvi nayo, kila kazi na mambo yake. Ugomvi wangu ni kwamba bwana huyu aliileta nyumbani. Nyumba yetu ni sebule, korido nyembamba, vyumba viwili, na jikoni kwa nyuma. Unatoka sebuleni na sinia la vyombo, unafika jikoni, mlango umefungwa. Unamwita. Anakuja na funguo zake kiunoni, zinalia kama kengele ya mbuzi, anakuuliza, "Wa sebuleni umeufunga?" Natoka kwenda uani kuanika nguo, nikirudi nimeshafungiwa nje. "Nilidhani wote mko ndani," anasema, macho makavu.

Nilivumilia. Kila aliyeniuliza nilimjibu yaleyale: ni kazi, shoga yangu. Kazi ya gereza inamla mtu. Siku akiiacha, mtaona mwanamume niliyeolewa naye. Nilikuwa na uhakika huo kama nilivyo na uhakika wa jina langu.

Tuna mtoto mmoja, binti. Siku moja nilikwenda msibani, yeye yuko chumbani anasoma, baba yake anaondoka kwenda zamu. Basi bwana akaifunga nyumba nzima kwa nje, akaondoka na funguo zote. Niliporudi jioni nilimkuta mwanangu ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, amelia mpaka sauti imekauka, na jirani yetu fundi cherehani anampenyezea kikombe cha maji. Mbele ya mtaa mzima! Baba yake aliporudi hakuelewa kelele ni za nini. "Si yuko salama?" akauliza.

Asubuhi binti alifunga begi lake, akaenda kukaa kwa mama yake mkubwa, dada yangu. Mlangoni alinigeukia akasema, "Nitarudi baba akiacha kuwa askari." Watu wakasema maneno ya kitoto hayo, atarudi akiwa na njaa. Thubutu! Mimi namjua niliyemzaa. Siku zikapita, likizo zikapita, hakukanyaga. Alikuwa ananipigia simu jioni, tunaongea, tunacheka, nikigusia habari ya kurudi ananiaga.

Nikaona liwalo na liwe. Nikamwambia mume wangu, "Chagua. Gereza au mtoto." Akavaa kofia yake akaenda zamu. Kisha jioni moja akarudi amevaa shati la kiraia, mikono haijui iende wapi. "Nimerudisha gwanda," akasema. "Lakini mama watoto, mimi kazi nyingine siijui." Nikamwambia utajifunza, mtu si jiwe. Nilikwenda jikoni nikapiga kigelegele peke yangu.

Shemeji yangu, mume wa dada, akamtafutia nafasi kwenye bekari. Nawaambia kweli, miezi ile ya mwanzo nilionja raha. Alikuwa anarudi na unga hadi kwenye kope, ananuka hamira, ananinyooshea viganja: "Nusa." Askari magereza mzima ananiambia nusa! Alinieleza jinsi donge linavyoumuka ukiliacha bila kuligusagusa, na jinsi lilivyomkera mwanzoni, kwa sababu vidole vilikuwa vinamwasha kwenda kulifunua. Nikamcheka, naye akacheka. Funguo zilikuwa zinaning'inia msumarini siku nzima. Nilimpigia binti simu. "Baba anaoka mikate?" akasema. "Baba yangu mimi, Bwana Kufuli?" Akacheka mpaka akakohoa. Akaahidi shule zikifungwa anakuja, na safari hii anakuja na begi kubwa.

Mwenye bekari, mtu mnene mcheshi asiye na siri, akaona mfanyakazi huyu hachelewi, haibi, haongei ovyo. Akamfanya msimamizi wa zamu. Akampa funguo. Na mimi, mpumbavu, nikachinja kuku.

Kile chumba cha tanuri kina mlango wake, halafu kuna kijipito, halafu mlango wa chuma wa kutokea nje. Miwili. Mnaona inakokwenda. Asubuhi moja, shule hazijafungwa bado, waya wa mashine ya kukandia ukaungua, moshi ukajaa, wafanyakazi wakakimbilia mlangoni. Sasa, gerezani moshi si moshi. Moshi ni hila: wafungwa wanachoma godoro ili milango ifunguliwe, wapite. Kwa hiyo ukiuona, kwanza unafunga. Mume wangu alisimama kwenye kijipito, akaufunga mlango wa tanuri kwa ufunguo, akalivuta kufuli, akawapigia kelele waliokuwa ndani: "Chuchumaeni! Wawili wawili!" Waoka mikate, jamani. Mama wa watu anayefungasha mikate, bado ana plastiki kichwani, anaambiwa achuchumae kwenye moshi ahesabiwe.

Mwenye bekari ndiye aliyeuvunja mlango wa nje kwa mtaimbo, akamsukuma kando, akampokonya funguo, akawatoa. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Yule mama mfungashaji alilazwa, akatoka na kikohozi ambacho hadi leo anacho.

Jioni mwenye bekari alikuja kwetu mwenyewe. Alikaa kwenye ncha ya kochi, ule ucheshi wote umemwisha. "Shemeji," akaniambia, "simfukuzi kwa ubaya. Mtu akichanganyikiwa kwenye moto nitamsamehe, hata mimi nilichanganyikiwa. Mumeo hakuchanganyikiwa. Nilimkuta ametulia, ametulia kabisa, kama mtu aliyefika kwake. Ndicho kilichonitisha." Mume wangu alikuwa ameketi hapohapo. Hakukanusha.

Habari zikamfikia mama mkwe, akaja kumpa pole mwanawe. Mwanamke huyu hana breki ya mdomo, na siku nyingine nampenda kwa hilo. Nilimpokea, nikamkalisha jikoni, nikaanza wimbo wangu: gereza limemharibu, mama, limemwingia kwenye damu, miaka yote ile si mchezo, lakini taratibu litamtoka. Mama mkwe akaniangalia, akaangua kicheko.

"Gereza gani, mwanangu? Huyu?" Akajifuta machozi ya kucheka. "Huyu hajaanza hata shule nilikuwa namwambia atazame kuku. Jua la utosi, kuku wote keshawaingiza bandani, kafunga, kakaa mlangoni na fimbo. Kuku hawali! Siku moja nikamtafuta mdogo wake, nikamtafuta, nikalia, kumbe kamfungia humo humo na kuku. Nilimtoa mweupe kwa mavi. Baba yake akamchapa, wapi! Kesho yake tena. Magereza walipokuja kuchukua vijana, baba yake alisema, afadhali, hatimaye kazi imempata mwenyewe." Akanipigapiga goti. "Tabia haina dawa, mwanangu. Wewe kaa naye tu."

Nilimchukia. Nasema wazi, mama wa watu kaja na mkungu wa ndizi kutupa pole, na mimi nilitamani nimtoe nje. Alikuwa amecheka, na katika kucheka huko amenipokonya kitu pekee nilichokuwa nimekishikilia. Kama si kazi, basi ni nini nilichokuwa nakisubiri miaka yote?

Mume wangu alikuwa amesimama koridoni, amesikia yote. Mama yake alipoondoka alikuja akakaa kwenye kigoda alichokuwa amekalia mama yake.

"Mama anasema kweli," akasema. "Na mimi nilidhani nitaivua pamoja na gwanda."

"Usianze," nikamwambia.

"Ngoja. Mtu akiwa nje, wewe, mtoto, yeyote, kifua changu kinapanda hakishuki. Kufuli likibana ndipo napumua. Nimekuwa hivyo tangu nijijue. Kule gerezani nilikuwa mtu wa kawaida kwa sababu wote tuko hivyo. Ni hapa nyumbani ninapoonekana mwendawazimu." Akatazama viganja vyake. "Mimi sikuharibiwa na kazi, mke wangu. Mimi niliitafuta."

Nilimtukana. Nilimwambia anajitetea, anajilegeza, mwanamume mzima anashindwa na kufuli. Nilisema mengi, na yeye akakubali kila moja kwa kichwa, jambo ambalo lilinitia hasira zaidi. Mtu akibisha, una pa kushika. Huyu alikuwa amejijua, na kujijua kwenyewe hakukumsaidia chochote.

Akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala la nafaka, na huko kuna kibanda cha kulala. "Magunia hayalii dirishani," akasema, na sijui kama ulikuwa utani. Alifungasha nguo chache. Shada la funguo aliliweka mezani. "Mwambie mtoto arudi. Mwambie askari hayupo."

Sikumzuia. Nilimpenda, na sikumzuia. Alipopinda kona nilikwenda kumpigia simu binti yangu.

Alikuja mchana wa Jumamosi. Tangu asubuhi nilikuwa nimefagia, nimefungua madirisha yote, pazia linapepea kama nyumba ya watu wenye amani. Akaingia na begi kubwa kama alivyoahidi. Alikuwa amerefuka, kanipita kichwa, na sauti imekuwa ya mtu mzima. Tulikumbatiana tukacheka tukalia. "Mama, humu ndani kuna upepo!" akasema. "Sikuwahi kujua nyumba hii ina upepo." Nikampokea begi, nikamwambia akae, nikaenda jikoni kumwekea chai, nikiimba. Miaka sijaimba.

Nikamsikia anazungumza kutoka sebuleni. Alitaka kwanza kwenda kumwamkia yule fundi cherehani, aliyempa maji siku ile. Nikamwambia nenda, mwambie leo umerudi.

Nikasikia kitasa kinatikiswa. Kisha akaita, taratibu, "Mama. Mlango umefungwa."

"Hauwezi kuwa umefungwa," nikasema, nikamimina maziwa. "Baba yako hayupo."

"Na huu wa koridoni pia umefungwa."

Nilitaka kumjibu, nikapitisha mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta kitambaa, nikagusa chuma. Shada lote lilikuwa mle, limepata joto la mwili wangu. Nikageuka. Mlango wa jikoni, niliokuwa nimesimama upande wake wa ndani, ulikuwa wazi, kwa sababu wa nyuma yake nilikwisha kuufunga. Nilimpokea mwanangu begi, nikaufunga wa nje, nikalivuta kufuli, nikaja nikaufunga wa koridoni, ndipo nikafungua huu. Nikiimba. Sikukumbuka hata kimoja.

Nyani haoni kundule. Nilikwenda nikamfungulia mlango wa koridoni, nikaanza kueleza: ni mazoea tu, mwanangu, nimeishi na baba yako miaka mingapi, mazoea yana taabu, nitayaacha, nipe muda. Nikayasikia maneno yangu. Ndiyo yaleyale niliyokuwa namsemea yeye.

Binti yangu hakulia. Angelia ningemshika. Alinitazama kwa huruma, ile ya kumtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa, kisha akainama akalichukua begi lake, ambalo hata zipu hajaifungua.

"Chai iko tayari," nikasema.

Akaninyooshea kiganja. "Ufunguo, mama."

Nilimpa. Akaufungua mlango wa nje, akaurudisha ufunguo mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake kwa upole, akatoka. Milango yote aliiacha wazi, wa nje, wa koridoni, wa jikoni, upepo unapita moja kwa moja hadi uani. Nilisimama pale sebuleni namwangalia anavyokwenda, yuko nje, peke yake, barabarani, na kifua changu kikapanda, hakikushuka.