Mfereji wa Slaidi ya Nne

Jumanne saa tatu asubuhi, Wachuka, katibu wa mradi wa maji wa kijiji kimoja cha Kieni, nje ya mji wa Chaka, aliketi kwenye saiba ya Theuri, duka la kompyuta na intaneti, akiwa na siku mbili za kuchagua programu ya kutengeneza slaidi: PowerPoint au Canva. Alhamisi afisa wa maji angekuja kusikiliza ombi lao la paipu. Wakishindwa kumshawishi, wangeendelea kuteka maji mtoni, kilomita saba kwenda na kurudi.

Mwenyekiti Mwai alishikilia PowerPoint. Mwaka uliopita aliwasomea wageni mistari kumi na tisa, na afisa akalala kwenye wa sita. Ukimwuliza Mwai, atakuambia afisa alikuwa ametoka safari. Wachuka akachagua Canva. Kwenye slaidi ya nne akachora tangi la kijani na mfereji wa koki unaomwaga maji. Ilikuwa kazi safi, na sisemi hivyo kwa upendeleo.

Alhamisi, kanisani, baada ya maombi na salamu zilizokula saa nzima, projekta iliwashwa. Slaidi ya nne ilipofika ukutani, maji yakaanza kutoka mferejini, yakamwagika sakafuni. Yalikuwa baridi. Watiri, mwanakijiji aliyekaa mbele, alisogeza miguu, akatoka nje, akarudi na jerikeni. Wengine wakapanga zao nyuma ya yake, maana foleni ni foleni hata kanisani. Wachuka akaombwa asiende slaidi ya tano, naye hakwenda.

Mgeni huku Kieni haondoki bila chai. Phyllis, mwanakijiji mwingine, akachemsha sufuria nzima kwa maji hayo hayo. Afisa akamaliza kikombe cha kwanza, akaomba cha pili.

"Hii chai ni tamu. Maji mnatoa wapi?"

"Ni ya hapa tu, mkubwa," Mwai akajibu kwa fahari. "Na hayaishangi. Ongeza."

Afisa akaongeza. Kisha akatoa fomu, akaandika kwamba kijiji kina maji ya kutosha na paipu zipelekwe kwingine. Wachuka akamweleza kwamba ule ni mchoro, na stima ya projekta ikipotea maji hukatika. Afisa alimsikiliza kwa heshima, akasema fomu yake ina visanduku viwili tu, maji yapo au maji hayapo. Akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Wachuka alikasirika hadi machozi yakamtoka. Halafu akajaza jerikeni zake mbili, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika.

Siku hizi hakuna anayebishana kuhusu programu. Canva huwashwa Jumanne na Ijumaa, stima ikiwepo, na wanawake hupiga soga na kucheka wakingoja zamu. Siku nyingine huteremka mtoni. PowerPoint ni ya kuandika rufaa. Wachuka yuko kwenye ya tatu sasa, maneno matupu, bila picha hata moja, isije ikatoa maji mbele ya afisa.