Sigara Katika Mwanya wa Mlango

Kazi ya Natsue Umezaki ilikuwa kutoa harufu ya sigara kwenye sanamu ndogo za plastiki za mashujaa wa katuni. Bi Dohi, mwenye duka kule Kokura, alizinunua kwa watu waliochoka kuzikusanya, au kwa ndugu wa marehemu walioachiwa makabati yaliyojaa, na nyingi zilikuwa zimekaa miaka ishirini katika vyumba vya wavutaji. Wanunuzi wa sanamu hizo ni watu wa kuchagua. Wakifungua boksi likawanukia moshi, wanalirudisha siku hiyo hiyo.

Natsue alizichomoa viungo, akaziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akasugua mikunjo ya nguo zao za plastiki kwa mswaki laini. Spiriti hakuigusa, maana inakula rangi. Kisha alizifungia kwenye ndoo zenye mifuniko pamoja na magadi ya kuokea na mkaa, wiki mbili, pengine tatu. Maji aliyomwaga yalikuwa ya manjano kama chai.

Shida ni kwamba kazi hiyo aliifanya nyumbani kwa baba yake, na baba yake alivuta pakiti mbili kwa siku.

Mzee Iwao alikuwa fundi wa tanuri katika kiwanda cha chuma hapo Yahata. Miaka mitatu nyuma kiharusi kilimlegeza mkono na mguu wa kulia. Natsue, bintiye wa pekee, aliacha kazi Fukuoka akarudi kumtunza "kwa miezi michache tu." Nyumba ilikuwa juu kilimani, mahali gari halifiki, ni ngazi tupu. Siku ya kiharusi mzee alibebwa na wanaume wawili mbele ya majirani wote, na tangu aliporudishwa kutoka hospitali hakuvuka kizingiti tena. Alishinda sebuleni mbele ya televisheni. Natsue alishinda stoo, kachumba ka pembeni ya jikoni, kadirisha kake kenye kioo kisichofunguka kamezibwa kwa utepe pembeni ili moshi usipenye.

Mwezi wa nane, siku moja jioni, Bi Dohi alipiga simu.

"Natsue, mteja wa Sendai kairudisha ile roboti yenye mbawa. Anasema inanuka."

"Niliikagua mara tatu, Bi Dohi."

"Wewe pua yako imeshazoea, dada. Utasikia nini humo ndani? Njoo ufanyie kazi huku dukani, chumba cha nyuma kipo wazi. Nimeshakwambia mara ngapi?"

"Baba je? Nitamwacha na nani?"

Bi Dohi alishusha pumzi. Hilo jibu alilijua.

Asubuhi Natsue alichukua sigara zote za baba yake, pakiti nne, akazitia kwenye mfuko wa aproni.

"Unaninyang'anya mimi? Katika nyumba niliyoijenga?" mzee alifoka.

"Mpaka nimalize kufunga mzigo, Baba. Sanamu arobaini zinaondoka leo. Kunywa chai yako ya shayiri, tazama besiboli."

"Besiboli bila sigara! Kanizike kabisa, basi."

Natsue aligeuka kwenda stoo. Msafirishaji alikuwa ameshaleta maboksi saba mapya, naye Natsue alikuwa ameyapanga ukumbini, moja juu ya lingine, ukutani mkabala na mlango wa stoo. Akaingia, akavuta mlango.

Hazikupita dakika kumi akasikia kishindo. Alipousukuma mlango, ambao ulifungukia nje, ulisogea upana wa kidole ukagoma. Boksi moja lilikuwa limeanguka na kujikaza kati ya mlango na ukuta, na mengine yalilikandamiza kwa juu. Alisukuma kwa bega. Alisukuma kwa mgongo, miguu ameikita kwenye rafu. Boksi lilizidi kujikaza.

Simu ilikuwa inachajiwa ghorofani.

"Baba!"

Televisheni ilikuwa inanguruma, uwanja mzima unashangilia vijana wa sekondari.

"Baba! Nimefungiwa!"

Sauti ya televisheni ilipungua. "Umefungiwa na nani?"

"Maboksi yameanguka. Mlango haufunguki."

Kikasikika kicheko kikavu. "Sasa unajua kufungiwa kulivyo. Karibu."

"Baba, humu kuna joto, si utani!"

Alisikia fimbo ikigonga sakafu, mguu ukiburutwa nyuma yake. Jicho la mzee likatokea kwenye mwanya. Alijaribu kulitoa boksi kwa kulivuta na fimbo, akiwa ameegemea ukuta. Boksi la juu liliporomoka likatua juu ya lile lililokwama. Alijaribu kuinama, akayumba, akaacha.

"Mkono huu," alisema. "Ulikuwa unanyanyua chuma, mkono huu."

"Pumzika kidogo, ujaribu tena."

"Nipe moja kwanza."

"Moja ya nini?"

"Unajua. Zipo humo mfukoni kwako. Nipe moja mwili upate nguvu."

Natsue aligeuka akatazama rafu. Sanamu arobaini safi zilisimama pale bila vifuniko, zikisubiri kufungwa. Mwezi mzima wa kazi. Jasho lilimtiririka mpaka machoni, na hewa ya kachumba ilikuwa nzito kama blanketi lililolowa. Alitoa sigara moja akaipitisha kwenye mwanya. Mzee aliipokea kwa midomo. Kibiriti cha gesi kililia, na moshi wa kwanza ukaingia ndani taratibu, ukapanda kwenye rafu.

Natsue alianza kucheka, kicheko kikageuka kikawa kilio.

"Unalia nini sasa?"

"Miaka mitatu, Baba! Miaka mitatu nafuta moshi wa watu nisiowajua, na wewe umekaa hapo unaniongezea!"

"Nani alikuita? Mimi nilikuita? Ulikuja mwenyewe na sanduku lako."

"Ningekuacha ulale sakafuni?"

 Mzee alivuta sigara yake mpaka mwisho. Ndani, Natsue alijimwagia kichwani beseni la maji ya manjano aliyooshea sanamu, akaketi sakafuni. Kizunguzungu kilikuwa kimemwanza.

"Natsue. Sauti yako imekuwa ndogo."

"Nipo."

"Nakwenda kwa Bi Ikegami."

Bi Ikegami alikuwa jirani wa chini. Kutoka mlangoni mpaka kwake ni ngazi kumi na nne, Natsue alizijua zote, na ya tisa ilikuwa imebomoka ukingo.

"Usiende! Utaanguka, Baba!"

"Na wewe utaiva humo ndani."

Mlango wa mbele ukafunguka. Alisikia fimbo kwenye zege, mara moja, mara mbili. Halafu kelele za nyenje mitini zikameza kila kitu.

Alingoja. Hakuwa na saa. Alimwona baba yake kichwani mwake, kalala chini ya ngazi, viatu vimetupwa huku na huku. Na katikati ya hofu hiyo likamjia wazo jingine: kwamba akifa, mimi nitaondoka. Lilikuja waziwazi, kama mtu aliyemnong'oneza sikioni. Natsue aliziba mdomo kwa mikono miwili ingawa hakuna aliyemsikia.

Kisha zikaja sauti. Bi Ikegami alikuwa anapiga kelele kama king'ora, na msafirishaji aliyekuja kuchukua mzigo alikuwa anaruka ngazi mbili mbili. Maboksi yakavutwa. Mlango ukaachia, Natsue akaangukia ukumbini, uso umemwiva.

"Maji! Mleteeni maji!" Bi Ikegami alifoka. "Mungu wangu, mtoto karibu achemke!"

"Baba yuko wapi?"

"Kakaa ukutani kwangu, na fulana yake ya ndani. Kaniambia, 'Ikegami, usinitazame, kimbia juu.' Mzee yule! Nilidhani nimeona mzimu."

Natsue alishuka akamkuta. Goti la mzee lilikuwa limechubuka, linatoa damu.

"Ya tisa imebomoka," alisema bila kumtazama. "Mwambie mtu wa serikali ya mtaa aitengeneze."

Jioni Natsue alinusa sanamu moja moja. Hakuhitaji pua kali. Alimpigia Bi Dohi akamweleza yote, na Bi Dohi hakugomba. Alisema tu, "Zilete huku. Njoo nazo."

Safari hii Natsue hakuweza kusema tena, "Baba je?" Baba alikuwa ameshuka ngazi kumi na nne kwa mguu mmoja na nusu. Kilichomtisha ni kwamba sasa hakuwa na kisingizio. Alimwambia Bi Dohi atapiga simu kesho, na siku tisa zikapita asipige. Aliosha sanamu zile zile katika stoo ile ile, mlango ameuacha wazi, na moshi ukawa unaingia na kutoka upendavyo.

Siku ya kumi alizipakia kwenye mkoba mkubwa azipeleke dukani Kokura. Mhudumu kutoka kituo cha wazee, kijana mnene aitwaye Yasutake, alikuwa ameshafika kushinda na mzee, na mzee alikuwa ameshamwambia kwamba anakanyaga kama ng'ombe.

"Unarudi saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Saa kumi na moja."

"Ukichelewa?"

"Nikichelewa, kuna tambi za baridi kwenye friji."

Alisimama mlangoni, viatu tayari miguuni, akisubiri aambiwe asiende. Mzee aliongeza sauti ya televisheni. Natsue alisimama dakika nyingine nzima, mkoba unamkata bega, ndipo akaanza kushuka, akiruka ngazi ya tisa.