Chini ya Meza, Baa ya Rahaleo

Tangu kiharusi kimwangushe Kasiani masika ya mwaka 1973, Gaudensi hakukosa Jumapili hata moja. Akitoka kanisani alipitia Magomeni, akavuta kigoda kando ya kitanda cha rafiki yake na kumsimulia mambo ya melini, maana Kasiani mwenyewe ulimi ulikuwa umekufa ganzi. Miaka tisa walikuwa mabaharia wa meli moja, wakipaka mafuta mitambo. Walikunywa Beira, wakanywa Mombasa, na baa zilizowafukuza zilikuwa nyingi kuliko zilizowakaribisha.

Jumapili moja Modesta, mke wa Kasiani, alikuwa akimlisha mumewe uji. "Shemeji," akasema, "leo mpe ile ya Rahaleo. Huwa inamchangamsha."

Gaudensi akakohoa, akaianza kama kawaida yake. Meli imefunga Mtwara kupakia korosho. Baa imejaa mpaka mlangoni, santuri inalia, mabaharia wa Kigiriki wanacheza hadi vumbi linatimka. Naye Gaudensi, pombe imempanda, akaikalia kofia ya Mgiriki mmoja mwenye kifua kama pipa. Chupa ikarushwa, ikampasua Kasiani paji la uso.

"Damu hiyo! Nikamsukumia mbali yule Mgiriki, nikambeba ndugu yangu mgongoni hadi bandarini."

Kasiani akaanza kutikisika. Mkono wake mzima ukagonga ubao wa kitanda.

"Me," akasema. Uji ukamtoka pembeni mwa mdomo. "Me... za."

Modesta akadondosha kijiko. Miezi mitatu hakuwa amesikia neno kinywani mwa mumewe. "Meza? Meza ya nini?"

Gaudensi alijua. Angeweza kusema mgonjwa anaweweseka, na nani angembishia? Lakini rafiki yake alikuwa amemkazia macho, machozi yanamlengalenga, na upande mmoja wa mdomo wake unacheka.

"Nilikuwa chini ya meza, shemeji," akasema polepole. "Chupa ile nilirushiwa mimi. Nilipoiona nikazama chini, Kasiani akasimama mbele. Kisha, na damu yake ile, akanivuta miguu, akanibeba yeye. Mimi hata kusimama sikuweza."

Modesta akamfuta mumewe mdomo kwa pindo la khanga. "Najua, shemeji. Aliniambia mwaka tuliooana, akanionya nisikuumbue. Alisema, 'Mwache anibebe, kwani ananipunguzia nini?'"

Gaudensi akainama, akalaza uso juu ya kifua cha Kasiani, akalia bila kujificha. Ule mkono mzima ukajivuta taratibu, ukampapasa kipara.

Modesta akaokota kijiko, akakisuuza, akamkabidhi bakuli. "Mlishe wewe. Mimi nikaanike nguo."

Baada ya hapo Gaudensi akawa anakuja na Jumatano pia. Kufikia Krismasi Kasiani alikuwa na maneno kumi na moja, na manne kati yake yalikuwa matusi ya Kigiriki.