Alichomficha Daktari Gurung

Dilmaya alikuwa fundi cherehani mjini Dharan, mwanamke mkondefu asiyependa makuu, na kwa miaka thelathini alivuta sigara zake kwa kujificha nyuma ya banda la mbuzi. Asubuhi moja, akipanda ngazi na ndoo ya maji, kifua kilimbana kana kwamba mtu amekikalia. Jasho la baridi likamtoka. Sarita, mke wa mwanawe, akamfunika shali na kumpeleka hospitali.

Daktari Gurung alisoma majibu ya damu, akakunja uso. "Mama, nyama unakula?"

"Sikukuu ya Dashain tu."

"Samli?"

"Nani ataninunulia?"

"Mbona basi mafuta mazuri ya damu yameshuka hivi? Hayo ndiyo yanayosafisha mishipa. Unavuta sigara?"

Sarita alikuwa ameketi pale pale, mkoba magotini. Dilmaya akamtupia jicho.

"Hapana."

"Basi sijui," daktari akasema. "Itabidi tutafute kwingine."

Neno hilo lilimtisha kuliko maumivu. Walipotoka nje akasimama. Watamtafutia ugonjwa asio nao, huku ule alio nao ukimla kimyakimya. Akamkumbuka dada yake Sukmaya, aliyeanguka akafa akitwanga mpunga, sigara yake ingali inawaka kando yake.

"Sarita, nirudishe ndani."

"Umesahau nini, mama?"

"Nimesema uongo."

Sarita akamshika mkono. "Ule moshi naujua tangu mwaka nilioolewa. Mbuzi hawavuti, mama."

Dilmaya alitaka kucheka, yakatoka machozi.

Daktari aliposikia ukweli hakumgombeza. Alimweleza kuwa moshi huchubua kuta za mishipa, mafuta mabaya yakanata hapo, damu ikaganda kwa urahisi. Na mishipa ya moyo wake ilikwisha kuziba kiasi. Akamwandikia dawa. "Ukiacha, mafuta mazuri yatapanda tena. Hatari itapungua, ila haiondoki kwa siku moja."

Aliacha siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza alitetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mwezi wa tatu majibu ya damu yalikuwa afadhali.

Hofu lakini ilibaki. Sarita alihamia chumba kinachopakana na chake, mlango ukaachwa wazi, na kila alfajiri huita, "Mama?" Dilmaya huitika upesi, asije akamtia mwenzake wasiwasi.