Kami Aliyejibu kwa Kalamu ya Risasi

Mtu mzima kusoma barua za watu ni aibu, lakini kibao si barua. Barua hufungwa. Vibao vilining'inia kwenye misumari koridoni, maandishi yakitazama nje, kama vinavyouliza, "Mama, mbona unapita tu?" Hivyo ndivyo mama wa fundi fremu za picha alivyojitetea mbele ya nafsi yake, na nafsi yake haikumbishia. Walikuwa wamezoeana.

Vibao vililetwa na mkwe wake, mke wa huyo fundi. Mkwe aliuza miwani dukani, mwanamke wa maneno machache na mikono safi mno. Tangu mwaka uliopita alikuwa akijifunza Shinto, dini ya Wajapani, kwa mwalimu aliyekuwa huko huko Japani: bibi mmoja mhudumu wa hekalu dogo, aliyefundisha watu wa mbali kwa kompyuta mara moja kwa wiki. Kwa kuwa jua la kule huwahi kutoka, somo lilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Mkwe aliketi koridoni, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinong'ona asimwamshe mtu. Nyuma ya mlango mama mkwe alisikiliza kila neno, ingawa hakuelewa hata moja, maana walisema lugha ya watu.

Alichoelewa alikipata kwa kuuliza. Kami, yaani mungu wa Kishinto, si mmoja, aliambiwa. Ni wengi, wamo katika maji, katika mawe, katika mti mkubwa, katika mlima. Wanachopenda kuliko vyote ni usafi. Basi kila asubuhi mkwe alinawa, akasukutua, akaweka mchele kidogo, chumvi na maji kwenye rafu iliyopita vichwa vya watu, akainama mara mbili, akapiga makofi mawili, akaomba kimoyomoyo, akainama tena.

"Kumbe mnamwita kama mhudumu wa hoteli," mama mkwe alisema siku ya kwanza.

"Ndiyo, mama. Ila huyu anasikia."

Na mwenye ombi huliandika kwenye kibao na kukitundika. Kule hekaluni ndivyo wafanyavyo. Fundi alikata vibao kutokana na mabaki ya fremu, akavipiga msasa, akavitoboa na kuvitia uzi. Yote hayo hayakuwa na madhara kwa mtu. Kosa la mkwe lilikuwa moja tu: mwezi ule ule alimtengenezea mama mkwe miwani mpya ya kusomea.

Wiki za mwanzo mama mkwe alisoma na kusonya. Naomba wateja wasiketi juu ya miwani yao. Naomba mume wangu akumbuke kufunika gundi. Maombi ya mtu asiyejua kuomba, kwa maoni yake. Kisha Jumatatu moja, akipita na ufagio ambao haukuwa na kazi, akakuta kibao kipya: "Naomba chumba cha nyuma kiwe kitupu kabla ya mwezi kuisha."

Ufagio ulimponyoka.

Chumba cha nyuma kilikuwa chake. Kilikuwa kitanda chake na magunia yake kumi na moja, ambamo kulikuwa na mitungi isiyo na vifuniko, vifuniko visivyo na mitungi, viatu vya marehemu mumewe na saa nne zilizosimama. Chumba kikiwa kitupu, yeye awe wapi? Jibu alilijua na lilimkata maini. Angepelekwa kwa mwanawe mkubwa, ambaye mkewe hufunga kabati la sukari kwa kufuli na kulala saa mbili usiku, nyumba nzima ikiwa kimya kama hospitali. Huko mtu hafi. Anasahauliwa tu akiwa hai.

Angeweza kuuliza. Lakini anayeuliza hujibiwa, na jibu la hivyo hakulitaka. Akaenda karakana ya mwanawe, akachomoa kalamu ya risasi nyuma ya sikio la mwenyewe.

"Mama, naitumia hiyo!"

"Tumia sikio la pili, baba."

Akarudi koridoni, akageuza kibao, na kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usijulikane, akaandika: "Chumba hicho kina mwenyewe. Omba kingine."

Aliyekiona kwanza ni fundi. Alipiga ukelele, akaangusha kikombe.

"Mke wangu! Njoo uone! Kami amejibu!"

Mkwe akaja, akasoma, akasoma tena, akainua macho polepole kwa mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua maharage kwa bidii ya mtu anayelipwa.

"Ana mwandiko mbaya," mkwe akasema.

"Labda wa kule huandika kutoka kulia," mama mkwe akajibu bila kuinua kichwa.

Tangu siku hiyo fundi aliokoka kabisa, kwa namna yake. Alipiga makofi mawili kabla ya kushika msumeno, akainama mbele ya gundi, akawaambia wateja kwamba hata Japani kwenyewe watu hawajibiwi upesi hivyo. Alfajiri ya somo lililofuata, mkwe alipomweleza mwalimu wake, mama mkwe alisikia kutoka ndani ya kompyuta kicheko kirefu cha bibi kizee, kikapumzika, kikaanza upya. Kicheko hakihitaji mkalimani. Akajua yuko mtu ng'ambo ya dunia ambaye ameshamgundua, na cha ajabu, akampenda.

Siku mbili baadaye kibao kingine kilitundikwa. "Kami mwema, nijalie jambo moja dogo: leo mchana mama asikosoe chakula changu hata kidogo."

Mama mkwe akafurahi. Hilo lilikuwa ndani ya uwezo wake. Mkwe akijaliwa hilo atakuwa na deni kwa kami, na siku kami atakaposema mwenye chumba aachiwe chumba chake, atatii.

Mchana maharage yakaja. Mama mkwe akatia kijiko mdomoni, na machozi yakamtoka. Ni kweli alikuwa mtu aliyekula chumvi nyingi, lakini si yote kwa mkupuo mmoja. Fundi alikohoa, akatema, akakimbilia mtungi wa maji.

"Mke wangu, umetupikia bahari?"

Mama mkwe akameza. Akachota kijiko cha pili. "Tamu," akasema, sauti ikikwaruza. "Umeyapatia."

Mkwe alikuwa hajala. Aliweka kijiko chake chini, akaegemeza kidevu kwenye kiganja.

"Miaka sita nimepika katika nyumba hii, mama. Neno hilo nalisikia leo."

"Basi nawe leo ndiyo umejua kupika."

"Nikuongeze?"

"Niongeze," akasema yule mama, kwa sababu kurudi nyuma ilikuwa aibu kubwa kuliko kiu. Akala sahani mbili. Alasiri nzima alikunywa maji kama ngamia, akijua wazi kwamba amenaswa, na kwamba aliyemnasa hatasema kitu. Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha raha. Mtu wa kugombana naye unajua anaposimama.

Asubuhi kikaja kibao cha tatu, kwa herufi kubwa, kama zile za kupimia macho: "Kami mpendwa, nahitaji mahali safi pa kuwekea rafu na kusomea, panapotazama mashariki. Ni chumba cha nyuma peke yake. Mwenye chumba akikubali, nitampa cha mbele."

Cha mbele! Chumba chenye dirisha la barabarani, walimokuwa wamerundika fremu zisizopata mnunuzi! Lakini hakuwa mtu wa kuuzwa rahisi. Akageuza kibao. "Kina kiti?"

Jioni jibu likawa chini yake: "Kitawekwa kiti chenye mikono."

"Na pazia?"

"Jepesi. La kuona bila kuonwa."

Huyu binti, mama mkwe akawaza, ameolewa na mwanangu kwa bahati mbaya; alistahili mtu mwerevu zaidi.

"Lakini," kikasema kibao cha asubuhi iliyofuata, "magunia hayahami. Mwalimu anasema kusafisha ndiyo nusu ya kuomba."

Siku tatu kami hakujibu. Fundi akahangaika, akaongeza mchele rafuni, akauliza kama kuna aliyemkosea. Siku ya nne mama mkwe aliketi kitandani, akafungua magunia moja baada ya jingine, akatenga saa nne na jozi moja ya viatu. Vingine akavisogeza mlangoni. Kisha akasimama mbele ya kibao muda mrefu, kalamu hewani. Safari hii akasahau mkono wa kushoto. Akaandika kwa mwandiko wake mwenyewe, ule wa shule ya msingi, wa herufi zilizolala: "Na mwenye chumba hatapelekwa kwa mwanawe mkubwa?"

Mkwe alikisoma aliporudi kazini, mkoba ukiwa bado begani. Mama mkwe, nyuma ya mlango, aliona kupitia tundu la ufunguo mabega yake yakishuka. Hakuandika pale pale. Aliingia jikoni, akapika, akala, akaosha vyombo, na ndipo akarudi na kalamu. Alipoondoka tu, mlango ukafunguka.

"Akienda huko," kiliandikwa kibaoni, "nani atanisomea vibao vyangu?"

Mama mkwe alivua miwani akaifuta. Ilikuwa na ukungu, si kingine.

Walihama Jumamosi. Fundi alibeba kitanda, mkwe akasugua sakafu ya chumba cha nyuma mara tatu, kisha akaipandisha rafu ukutani kutazama mashariki.

"Mama, nawe mshukuru kami," fundi alisema, macho yakimlengalenga. "Bila yeye nyie wawili mngeelewana lini?"

Mkwe aligeukia ukuta ghafla, akakohoa kikohozi kisicho cha kawaida.

Mama mkwe akanawa, akasukutua, akainama mara mbili hadi kiuno kikalia. Akapiga makofi mawili. Na kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza na mwenye kazi mwenyewe, alinong'ona kwa adabu.

"Samahani, mkubwa. Nilikushikia zamu tu. Kazi yako ngumu. Watu wanaandika nusu ya wanachotaka. Shika mwenyewe sasa."

Akainama mara ya mwisho, kisha akaenda chumba cha mbele kwa haraka kidogo kuliko inavyoruhusu heshima, kwa sababu nyumba ya pili walikuwa wanashusha godoro jipya, na hapakuwa na mtu mwingine wa kulishuhudia.